Homoni za moyo na shinikizo la damu

Moyo husukuma damu, na pia hutoa homoni zinazoiamuru figo itoe chumvi. Mjini Birmingham, Uingereza, kipimo cha homoni hizo humsaidia daktari kuutambua moyo uliochoshwa na presha. Lakini kwa mtu mwenye asili ya Afrika, nambari ya kipimo hicho yahitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi.

Katika jiji la Birmingham, mtu anayekwenda kwa daktari wa familia akilalamika kwamba pumzi humkata anapopanda ngazi, kwamba usiku hawezi kulala bila kuegemea mito miwili au mitatu, na kwamba ifikapo jioni viatu humbana kwa sababu ya miguu kuvimba, aghalabu hutolewa damu. Kinachotafutwa ndani ya damu hiyo ni homoni inayotengenezwa na moyo wenyewe. Kiwango chake ndicho humwongoza daktari kuamua iwapo mgonjwa apelekwe haraka kwa bingwa wa moyo, au chanzo cha shida yake kitafutwe kwingine.

Jambo hili lawagusa kwa karibu wanaozungumza Kiswahili. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba Birmingham ina wakazi zaidi ya milioni moja na laki moja, na zaidi ya nusu yao si Wazungu. Miongoni mwao wamo Wasomali wa mitaa kama Sparkbrook na Small Heath, Waasia ambao familia zao zilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na watu waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo. Wengi wao, au jamaa zao waliobaki nyumbani, wanaishi na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025, lilikadiria kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.4 duniani wana ugonjwa huo, na kwamba ni takriban mmoja tu kati ya kila watano ambaye presha yake imedhibitiwa.

Moyo kama tezi

Kwa karne nyingi wataalamu waliuona moyo kuwa pampu ya misuli, isiyo na kazi nyingine ila kusukuma damu. Dalili za kwanza kwamba kuna jambo zaidi zilionekana katika miaka ya 1950. Watafiti waliingiza kipira kidogo ndani ya chumba cha juu cha moyo wa mbwa na kukijaza ili chumba hicho kitanuke. Mkojo wa mbwa ukaongezeka. Katika miaka hiyo hiyo hadubini za elektroni zilionyesha chembechembe nyeusi ndani ya misuli ya vyumba vya juu vya moyo, zinazofanana na zile zinazoonekana katika tezi zinazotoa homoni. Hakuna aliyejua zilikuwa na kazi gani.

Jibu lilipatikana mwaka 1981 katika mji wa Kingston, nchini Kanada. Adolfo de Bold, mtafiti mzaliwa wa Argentina, pamoja na wenzake, walisaga misuli ya vyumba vya juu vya mioyo ya panya, wakachuja maji yake na kuwadunga panya wengine. Kiasi cha chumvi katika mkojo wa panya hao kiliongezeka kwa zaidi ya mara 30, na mkojo wenyewe ukaongezeka kwa takriban mara 10. Walipotumia misuli ya vyumba vya chini, hakuna kilichotokea. Ilikuwa wazi kwamba vyumba vya juu vya moyo vina kitu kinachoisukuma figo itoe chumvi.

Baada ya miaka michache kitu hicho kilitambuliwa kuwa homoni, mnyororo wa asidi amino 28, ikapewa kifupi cha ANP. Mwaka 1988 wanasayansi wa Japani walipata homoni nyingine ya ukoo huo katika ubongo wa nguruwe, nayo ikaitwa BNP, herufi ya kwanza ikisimama badala ya ubongo. Jina hilo limebaki, ingawa baadaye ilibainika kwamba kwa binadamu homoni hiyo hutoka hasa katika vyumba vya chini vya moyo, na hutoka kwa wingi pale vyumba hivyo vinapolemewa.

Chumvi, figo na presha

Ili kuelewa uhusiano wa homoni hizi na shinikizo la damu, inafaa kukumbuka kwamba chumvi huvuta maji. Chumvi inapozidi mwilini, maji nayo hubaki, damu huongezeka ujazo, na kuta za mishipa husukumwa kwa nguvu zaidi. Mwili una mfumo wa homoni unaohifadhi chumvi na kubana mishipa, ukiongozwa na renini kutoka kwenye figo na aldosteroni kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mfumo huo ulimfaa sana binadamu aliyeishi kwa mizizi, nafaka na nyama ya porini, na ambaye chumvi kwake ilikuwa adimu.

Homoni za moyo husimama upande wa pili wa mizani. Damu inapojaa kupita kiasi, vyumba vya moyo hutanuka na kuzimwaga homoni hizo. Zinapofika kwenye figo, huiamuru itoe chumvi na maji. Zinapofika kwenye mishipa, huilegeza. Tena huzuia renini na aldosteroni zisiendelee kuhifadhi chumvi. Matokeo ya yote hayo ni kushuka kwa presha. Kazi hii hufanyika upesi, kwani ANP hudumu katika damu kwa dakika chache tu kabla ya kuvunjwa.

Hapo msikilizaji huenda akauliza: ikiwa moyo una dawa yake wenyewe, mbona watu wengi wana presha? Sehemu ya jibu ni kwamba moyo wa baadhi ya watu hautoi homoni hizi kwa kiwango kinachotakiwa. Mwaka 2009 uchunguzi mkubwa wa vinasaba ulionyesha kwamba watu waliorithi aina fulani za jeni za homoni hizi, zinazowapa kiwango cha juu kidogo, huwa na presha ya chini kidogo. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliripoti kutoka wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota, kwamba katika hatua za mwanzo za shinikizo la damu homoni hizi hazikuongezeka kama ambavyo ingetarajiwa. Presha ilikuwa imepanda, lakini moyo haukuwa umepaza sauti. Unene pia una sehemu yake: watu wanene kwa kawaida huwa na kiwango cha chini cha homoni hizi kuliko wembamba.

Baadaye hali hugeuka. Presha ikiachwa kwa miaka mingi, misuli ya moyo hunenepa na kukakamaa, kisha huanza kuchoka. Moyo uliolemewa hivyo humwaga BNP kwa wingi, lakini wakati huo mfumo wa kuhifadhi chumvi umekwisha kupata nguvu kubwa zaidi, na figo haiitikii tena kama zamani. Kwa hiyo kiwango cha juu cha homoni hizi kwa mgonjwa wa presha ni kilio cha moyo unaoomba msaada.

Kutoka kijijini hadi Nairobi

Afrika Mashariki imechangia ushahidi muhimu kuhusu jinsi mizani hii inavyoharibika. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki kijijini. Wahamiaji hao hawakuhitaji miaka 20 ili presha yao ipande. Ilianza kupanda mapema baada ya kuwasili mjini. Uchunguzi wa mkojo ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, madini yapatikanayo katika mboga, maharagwe na matunda. Uzito wao na mapigo ya moyo pia vilikuwa juu kuliko vya wale waliobaki nyumbani.

Damu yao ilikuwa ile ile ya ndugu zao wa kijijini. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Mtu atokaye Nairobi au Dar es Salaam kwenda Birmingham huongeza hatua nyingine katika safari hiyo hiyo. Mkate, soseji, jibini, supu za makopo na vyakula vya kuchukua njiani huwa na chumvi ambayo ulimi hauitambui kwa urahisi. Na akirejea jikoni kwake kupika cha nyumbani, papa mkavu, ng'onda, achari na vile vipande vya supu vya dukani humwongezea nyingine.

Madhara yake huonekana hospitalini. Utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Huko Ulaya na Marekani ugonjwa huo ni wa wazee hasa. Barani Afrika huwakumba watu ambao bado wanasomesha watoto.

Mchango wa Birmingham

Birmingham ina historia ndefu katika habari za moyo. Daktari William Withering alikuwa akifanya kazi mjini humo mwaka 1785 alipochapisha kitabu chake kuhusu mmea unaoitwa dijitalisi, aliokuwa ameutumia kuwatibu watu waliovimba mwili kwa maji. Dokezo la kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, alilipata kutokana na dawa ya mitishamba iliyokuwa siri ya mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire. Withering aliona wagonjwa wakikojoa sana na uvimbe ukipungua. Hakuweza kujua kwamba wengi wao walikuwa na mioyo iliyochoka. Dawa itokanayo na mmea huo, digoksini, ingali ikitumika kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo.

Karne mbili baadaye, kati ya mwaka 1995 na 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwapima watu 3,960 wenye umri wa miaka 45 na zaidi katika eneo hilo, wakitumia mashine ya mawimbi ya sauti ionyeshayo moyo unavyopiga, ijulikanayo kama eko. Utafiti huo, uliopewa jina la ECHOES, ulitaka kujua ni watu wangapi wanaishi na moyo dhaifu. Mwaka 2002 Profesa Richard Hobbs na wenzake walitumia baadhi ya watu hao kuchunguza swali lingine: je, kipimo cha damu cha homoni ya moyo chaweza kumsaidia daktari wa mtaani ambaye hana mashine hiyo? Jibu lilikuwa kwamba kipimo hicho kina faida kubwa zaidi katika kuondoa shaka. Kiwango kikiwa cha chini, ni nadra mtu kuwa na ugonjwa huo. Kikiwa cha juu, hakithibitishi ugonjwa, bali chataka uchunguzi zaidi. Utafiti mwingine uliofuata, E-ECHOES, uliwapima watu zaidi ya 5,000 wa Birmingham wenye asili ya Asia Kusini na ya Afrika na Karibiani, jamii ambazo tafiti nyingi za awali zilikuwa zimewaacha nyuma.

Mambo kama hayo yameingia katika kanuni za tiba. Mwongozo wa mwaka 2018 wa taasisi ya NICE, inayowashauri madaktari wa Uingereza, ulieleza kwamba mgonjwa anayeshukiwa apimwe kipande cha homoni hiyo kiitwacho NT-proBNP. Kikizidi nanogramu 2,000 kwa lita moja ya damu, aonwe na bingwa na kufanyiwa eko ndani ya wiki 2. Kikiwa kati ya 400 na 2,000, ndani ya wiki 6. Kikiwa chini ya 400, uwezekano wa moyo kushindwa kufanya kazi ni mdogo.

Nambari ndogo si neno la mwisho

Hapa ndipo penye jambo ambalo Mwafrika anayeishi ughaibuni anapaswa kulifahamu. Mwongozo huo huo unawatahadharisha madaktari kwamba unene, asili ya Afrika au ya Afrika na Karibiani, na baadhi ya dawa za presha zenyewe huweza kuishusha nambari hiyo. Tafiti kadhaa za Marekani zimeonyesha kwamba, kwa wastani, watu Weusi huwa na kiwango cha chini cha homoni hizi kuliko Wazungu. Mojawapo ya sababu zinazochunguzwa ni kimeng'enya kiitwacho korini, ambacho huikata homoni ghafi na kuifanya iwe tayari kwa kazi. Mwaka 2005 iliripotiwa kwamba aina fulani ya jeni ya korini, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, huandamana na presha ya juu.

Ni lazima kusema kwamba Wamarekani Weusi, ambao wengi wana mizizi Afrika Magharibi, si kielelezo kamili cha Msomali, Mkikuyu au Mnyamwezi. Afrika ni kubwa, na jeni zake ni nyingi kuliko za bara lolote. Aidha wastani wa kundi haumwambii daktari hali ya mtu mmoja. Lakini mafunzo mawili yanabaki. La kwanza ni kwamba sauti ndogo ya homoni hizi huenda ikawa sehemu ya sababu inayofanya chumvi iwadhuru mapema baadhi ya watu wetu. La pili ni kwamba mama mnene mwenye asili ya Afrika, anayemeza vidonge vya presha na bado anakosa pumzi na kuvimba miguu, asiridhike na kuambiwa tu kwamba kipimo ni cha kawaida. Ana haki ya kumuuliza daktari kwa adabu: je, asili yangu, uzito wangu na dawa ninazotumia vimezingatiwa? Je, nahitaji kupigwa eko? Kwa upande mwingine, uzee na maradhi ya figo huipandisha nambari hiyo, kwa hiyo aliyeambiwa iko juu hana sababu ya kukata tamaa kabla ya uchunguzi kukamilika.

Dawa zinazozilinda homoni za moyo

Wataalamu walijiuliza tangu zamani: kwa kuwa homoni hizi hushusha presha, kwa nini zisizuiwe kuvunjwa? Kimeng'enya kinachozivunja huitwa neprilisini. Dawa moja ya kukizuia, omapatrilati, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa presha zaidi ya 25,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Presha ilishuka vizuri, lakini uvimbe wa ghafla wa midomo, ulimi na koo, unaoweza kuziba pumzi, ulitokea mara tatu zaidi kuliko kwa waliotumia dawa ya kawaida, na hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watu Weusi. Dawa hiyo haikuingia madukani.

Mchanganyiko mwingine, sakubitrili na valsatani, ulibuniwa ili kuipunguza hatari hiyo. Mwaka 2014 jaribio lililohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000 lilionyesha kwamba ulipunguza kwa takriban asilimia 20 vifo vya moyo na mishipa au kulazwa hospitalini kwa wenye moyo dhaifu. Uingereza iliukubali kwa wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2016. Japani na China ziliruhusu utumike pia kwa shinikizo la damu mwaka 2021. Hata hivyo uvimbe ule bado hutokea mara chache, na zaidi kwa watu Weusi, kwa hiyo si dawa ya kuazimana na jirani.

Kwa wengi wenye presha, silaha ni zile za bei nafuu. Utafiti uitwao CREOLE, uliofanyika katika nchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na dawa nyingine ilishusha presha ya Waafrika vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Nchini Uingereza pia, dawa za kundi la amlodipini ndizo hupendekezwa kwanza kwa mtu mwenye asili ya Afrika asiye na kisukari.

Lililo mikononi mwa kila mtu

Kuna wanaoamini kwamba presha huja mtu akikasirika na kuondoka akitulia, na kwamba vidonge ni vya siku ambazo kichwa kinauma. Imani hiyo imewazika wengi. Presha haina dalili kwa miaka mingi, na mtu hujisikia mzima kwa sababu vidonge vinafanya kazi. Kuviacha bila ushauri ni kuurudishia moyo mzigo uliokwisha kutuliwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kikiwa kimejumlisha iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya viwandani. Papa na ng'onda huweza kurowekwa na kumwagwa maji yake kabla ya kupikwa. Limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili huupa mchuzi ladha bila kuitwisha figo kazi.

Katika Uingereza yenyewe, eneo la England, mtu wa miaka 40 na zaidi aweza kupimwa presha bila malipo katika maduka mengi ya dawa, chini ya mpango ulioanza Oktoba 2021. Nyumbani Afrika Mashariki, zahanati nyingi zina mashine hiyo. Kipimo huchukua dakika chache na hakihitaji hata tone la damu. Anayepimwa mapema huupunguzia moyo wake haja ya kulia, na anayeungoja ulie aghalabu huwa amechelewa.